Kijiko Kimoja ni Kipi?

Hotuba ya profesa wa ufamasia kwa wakazi, Siku ya Wafamasia Duniani

Kila tarehe 25 Septemba dunia huadhimisha siku yetu sisi wafamasia, na nimeombwa nieleze kazi niliyoifanya. Nimetoa dawa dirishani, nimefundisha chuoni, nimekagua maduka ya dawa. Vyeti mtaviona siku nyingine. Leo naanza na kosa langu.

Nilikuwa kijana, katika hospitali ambayo sitaitaja. Adhuhuri moja nilimpa mama dawa ya maji ya paracetamol ya mtoto, chupa ya mililita 60. Juu yake niliandika, "Kijiko kimoja mara tatu kwa siku." Chupa ile ilipaswa kumaliza siku nne. Kesho yake jioni mama alirudi nayo tupu, akiomba nyingine.

"Mama, ulitumia kijiko gani?"

"Hiki tunacholia wali, daktari."

Mimi niliwaza kijiko cha chai, mililita 5. Chake kilibeba mililita 15. Mtoto alikuwa amepewa mara tatu ya kipimo. Paracetamol ikizidi huumiza ini, na ubaya wake ni kwamba dalili huchelewa. Mtoto anaweza kuonekana mzima huku ini likiharibika. Alilazwa, tukamwangalia usiku kucha, na tunashukuru alipona. Mama alikuwa akilia akisema ni mjinga. Hakuwa mjinga. Alifanya hasa nilichomwandikia.

Kosa hilo nililibeba hadi darasani. Shahada ya ufamasia ilianza kufundishwa Chuo Kikuu cha Nairobi mwaka 1974, na kama ilivyo kokote, mwanafunzi wetu husoma kemia nyingi sana. Mimi nilikuwa nawaambia kila mmoja aje na kijiko cha kwao nyumbani. Tunajaza maji, tunapima kwa sirinji. Wanaanza kwa kucheka, kisha wananyamaza, kwa sababu hata vile vijiko vya chai havilingani. Kwenye mtihani, aliyeandika "kijiko" bila mililita hakupata alama. Walinishtaki kwa wakubwa wangu zaidi ya mara moja. Sikubadilisha.

Ukaguzi ulikuwa mgumu kuliko yote. Bodi ya Famasia na Sumu imekuwapo tangu 1957, na sheria inataka leseni itundikwe mahali wateja wanaiona. Siku moja, kwenye soko fulani, niliikuta leseni ukutani, lakini mwenye jina lile alikuwa mji mwingine kabisa, akikodisha cheti chake. Kaunta ilishikwa na kijana asiyeweza kusoma maandishi ya daktari. Antibiotiki aliziuza vidonge vinne vinne, kadiri ya pesa ya mteja, na dozi ya namna hiyo huwafundisha vijidudu kuizoea dawa. Nikaagiza duka lifungwe.

Mzee mmoja akanifuata hadi garini. "Sasa profesa, sisi tukanunue wapi?"

Nikamsomea sheria. Nilichosema kilikuwa sahihi, na mzee akarudi nyumbani bila dawa yake ya presha. Swali lake bado linanisumbua. Katiba ya 2010 iliweka vituo vya afya na famasia za kaunti mikononi mwa serikali za kaunti, huku Bodi ikibaki na leseni. Kwa hiyo duka bovu likifungwa, na zahanati ya karibu haina dawa wala mtu wa kuzitoa, wale wawili wamefanya nusu ya kazi. Nimeyasema haya kwenye mikutano mingi na hayakuniongezea marafiki. Mheshimiwa Waziri, nayasema tena hapa mbele ya wenyewe.

Nanyi msione haya kuuliza. Ukiingia dukani, tazama leseni, uliza mwenye jina hilo ni nani na yuko wapi. Ukipewa dawa, mwambie anayekupa akueleze ni mililita ngapi au vidonge vingapi, saa ngapi, kwa siku ngapi. Akikasirika, mwache na dawa zake. Na ukiwa na shilingi za nusu dozi tu, mweleze ukweli. Mara nyingi kuna dawa ile ile ya kampuni nyingine, iliyosajiliwa, kwa bei nafuu.

Pale mezani nimeleta sirinji za kupimia, hazina sindano. Kila mwenye mtoto wa chini ya miaka mitano achukue moja kabla hajaondoka. Wahudumu wa afya ya jamii watawaonyesha mstari wa mililita 5.