Kutumia Fiziolojia Kutambua Msongo na Afya ya Kaa Koko Wanaofugwa: Mada kwa Maafisa Ugani na Viongozi wa Vikundi

1.0 Utangulizi

Nimeombwa nieleze namna fiziolojia, yaani elimu ya utendaji wa mwili, inavyoweza kumsaidia mfugaji wa viumbe wa baharini wenye gamba. Nitajikita kwa kaa koko (Scylla serrata), anayenenepeshwa vizimbani katika mikoko ya Kenya na Tanzania, kwa sababu malalamiko mengi yanayotufikia sisi watafiti yanamhusu yeye.

2.0 Maana ya maneno

Msongo ni jibu la mwili kwa jambo linaloutoa katika hali yake ya kawaida: joto kali, upungufu wa oksijeni, chumvi kubadilika ghafla, kushikwashikwa, msongamano. Msongo mfupi mnyama huumudu. Wa muda mrefu humla akiba. Afya ni uwezo wa kula, kukua, kujivua gamba salama na kupambana na vimelea. Haya yanafahamika, siyarefushi.

3.0 Kifo kinachoanza kabla ya kizimba

Kaa wengi tunaowanenepesha hawatoki katika vituo vya kutotoleshea, wanakamatwa mikokoni. Mvuvi anamvuta kaa shimoni maji yakiwa yametoka, anamfunga magando, anamtia kwenye gunia. Gunia linamsubiri mchuuzi, mchuuzi anasubiri mzigo utimie, na kikundi kinapokea kaa ambao hakuna ajuaye wamekaa nje ya maji muda gani. Wakichezesha miguu wanahesabiwa wazima na kutumbukizwa kizimbani. Siku chache baadaye wanaanza kufa, na kwenye daftari panaandikwa: ugonjwa usiojulikana.

Mara nyingi kinachowaua kinajulikana. Kaa akitolewa majini, matamvua yake hushikana, oksijeni inayoingia hupungua na kabonidayoksaidi hurundikana mwilini. Misuli inaanza kujitengenezea nguvu bila oksijeni, laktiki asidi (lakteti) inaongezeka na tindikali ya damu inapanda. Amonia, ambayo kwa kawaida hutoka kupitia matamvua, inabaki ndani. Wakati huohuo tezi iliyomo katika kikonyo cha jicho inamwaga homoni inayopandisha sukari ya damu, na sukari hiyo inachotwa kwenye akiba ambayo kaa asiyelishwa hawezi kuirudishia.

Kaa koko ni mstahimilivu. Akipata unyevu na kivuli anaweza kuishi siku kadhaa nchi kavu, na ustahimilivu huo ndio unaotudanganya. Anafika akiwa hai, lakini na deni mwilini. Akirudishwa majini anahitaji oksijeni nyingi kuliko kawaida na anatoa amonia kwa wingi. Kizimba kikiwa kimejaa kaa na maji yametulia, anavuta ndani maji yaleyale aliyoyachafua.

Kinga nayo hudhoofika. Kaa hana kingamwili kama zetu. Anategemea seli za damu zinazomeza na kuzingira vimelea, na msongo unaweza kupunguza seli hizo. Na vimelea vyenyewe vinaweza kuwa tayari mwilini: ugonjwa wa madoa meupe uliopiga mashamba ya kamba ya Msumbiji mwaka 2011 na Madagaska mwaka 2012 unasababishwa na virusi ambavyo kaa koko anaweza kuvibeba bila kuonyesha dalili yoyote.

Nimeyaandika haya katika taarifa za ukaguzi miaka na miaka. Jibu ninalopewa huwa lilelile: badilisheni chakula, hamisheni vizimba. Sisemi kwamba chakula na mahali havina uzito, na kanuni za kusafirisha kaa ni za mamlaka za uvuvi, si zetu watafiti. Lakini haifai kuendelea kuchunguza mizoga huku kaa aliye hai akipokelewa bila kupimwa.

4.0 Vipimo vilivyo ndani ya uwezo wetu

Damu ya kaa huchotwa kwa sindano kwenye utando laini ulio kwenye shina la mguu wa mwisho. Huganda upesi, hivyo ipimwe papo hapo. Vifaa vya mkononi vya kupima sukari na lakteti ya binadamu vimeshatumika kwa kaa na kambakoche, ila namba zake zisisomwe kama za binadamu; lazima kwanza zilinganishwe na vipimo vya maabara. Kumshika kaa peke yake hupandisha sukari, kwa hiyo mpimaji awe mwepesi na apime pia kaa waliotoka majini muda huohuo ili kulinganisha.

Rifraktomita ya Brix, ile inayopima utamu wa miwa, huonyesha wingi wa protini katika damu. Kipimo cha chini huashiria kaa mwenye njaa au aliyetoka kujivua gamba, ambaye ganda lake limejaa maji kuliko nyama.

Asiye na kifaa amlaze kaa chali. Mwenye nguvu hujigeuza mara moja, aliyechoka hukawia.

5.0 Mapendekezo

(i) Saa ya kukamatwa iandikwe kwenye kila gunia.
(ii) Kikundi kikatae mzigo usio na saa.
(iii) Kaa wakae kivulini, ndani ya matenga yaliyofunikwa majani mabichi au gunia lililoloweshwa.
(iv) Kila mzigo, kaa wachache wajaribiwe kwa kulazwa chali.
(v) Kaa wapumzishwe kwenye maji yanayopita kabla ya kuingizwa kizimbani.
(vi) Kila wilaya iwe na rifraktomita moja ya Brix na afisa aliyefundishwa kuitumia.
(vii) Taasisi za utafiti ziandae viwango vya kawaida vya kaa wa pwani yetu, kwa kila msimu.
(viii) Daftari la vifo liwe na safu ya muda wa kukaa nje ya maji.
(ix) Maneno "ugonjwa usiojulikana" yasikubaliwe mahali ambapo safu hiyo iko tupu.
(x) Mamlaka husika zifikirie kuingiza saa ya kukamatwa katika masharti ya leseni za wachuuzi.

6.0 Hitimisho

Mwenyekiti wa semina, vifaa vinahitaji bajeti na viwango vinahitaji utafiti. Naelewa kwamba vitachukua muda. Pendekezo la kwanza halihitaji bajeti, linahitaji kalamu na makubaliano kati ya mvuvi, mchuuzi na kikundi. Naomba semina hii isifungwe kabla ya kulipitisha.