Kifua Hakipimi Oksijeni



Mchimbaji mmoja wa dhahabu huko Tiira, wilayani Busia upande wa Uganda, ndiye aliyenichokoza. Tulikuwa tumesimama mdomoni mwa shimo. Pampu ya petroli ilikuwa imeteremshwa kunyonya maji, na moshi wake ulipanda sambamba na kamba. Nikamuuliza kama haiogopi hewa ya huko chini. "Mwalimu," akanijibu, "hewa ikipungua nitaisikia kifuani, nitapanda."

Kauli hiyo tumemfundisha sisi. Darasani tunasema mtu huvuta oksijeni na kutoa hewa ukaa kama taka, basi. Anayefundishwa hivyo ataamini kwamba kifua kikibana, oksijeni imekwisha. Imani hiyo inaua, na jioni hii nataka kuivunja.

Habari za mapafu na mzunguko wa damu mnazijua. Hewa tunayovuta ina oksijeni asilimia 21. Tunayotoa bado inayo kama 16. Hewa ukaa ndiyo inayoruka, kutoka 0.04 hadi karibu 4.

Mnivumilie nikae na mwanafiziolojia John Scott Haldane. Mwaka 1905, yeye na mwenzake Priestley walimtaka mtu apumue kwa nguvu ndani ya mpira mrefu, kisha wakachota hewa ya mwisho kabisa, ile iliyotoka vilindini mwa mapafu. Walipima kileleni mwa Ben Nevis, Uskoti, wakapima chini ya mgodi wa Dolcoath, Cornwall. Kanieneo ya hewa ukaa mapafuni haikubadilika ila kwa kiasi kidogo mno. Ilipoongezeka kwa sehemu mbili tu za kumi za asilimia moja, kupumua kuliongezeka maradufu. Sijui jaribio lililotumia vifaa vichache hivyo likafunua mengi kiasi hicho. Anayeshika usukani wa pumzi ni hewa ukaa.

Mtanikumbusha kwamba shingoni, kwenye mishipa ya karotidi, tuna vihisi vya oksijeni. Ni kweli, lakini havishtuki sana mpaka oksijeni ishuke mno. Na monoksidi ya kaboni, ile ya moshi wa pampu, huvipita kimya, kwa maana hunyang'anya nafasi ya oksijeni kwenye chembe nyekundu bila kupunguza kanieneo ya oksijeni iliyoyeyuka katika damu. Haldane alilijua hilo mapema: baada ya mlipuko wa mgodi wa Tylorstown, Wales, Januari 1896, alionyesha kwamba wengi waliokufa waliuawa na gesi hiyo, si na moto. Shimoni mchimbaji anaendelea kupumua, hewa ukaa yake inatoka vizuri, kifua chepesi. Miguu inalegea kabla hajajua lolote. Hata mshumaa haumsaidii: huzimika oksijeni ikipungua, lakini penye sumu hiyo huwaka kama kawaida.

Nje ya mwili pia hewa ukaa ni mjumbe. Kule Nagongera, Tororo, kabla nyumba hazijaanza kupuliziwa dawa mwishoni mwa 2014, watafiti walikadiria kwamba mtu huumwa na mbu wenye vimelea vya malaria mara 310 kwa mwaka. Mbu huyo humtafuta aliyelala kwa kuifuata hewa ukaa anayoitoa, akiinusa kwa vipapasio vilivyo kando ya mrija wake.

Wapo wenzangu wanaoona neno "taka" latosha kwa mtoto wa shule ya msingi. Nimelipima na bado nalikataa. Mtoto afundishwe kwanza kwamba hewa ukaa ndiyo inayomwamrisha kupumua. Habari ya taka ije baadaye.

Nanyi wenye mashimo, pampu ya petroli ikae juu, mbali na mdomo wa shimo. Pulizeni hewa safi chini kabla mtu hajashuka. Na mwenzenu akianguka humo, msimfuate mikono mitupu; mvuteni kwa kamba aliyofungwa kiunoni kabla ya kushuka.