Kitanda cha Usiku Mmoja si Nyumba



Ndugu zetu waheshimiwa, mada yetu ni makazi ya dharura: serikali hufanya nini mtu anapokosa pa kulala, na kwa nini vitanda havitoshi.

Suala hili si geni misikitini. Katika Msikiti wa Mtume (s.a.w.) mjini Madina palikuwa na mahali palipoezekwa paitwapo Suffa, wakilala humo mafakiri wasio na nyumba wala jamaa. Aliyepata makazi au kuoa alihama. Suffa ilikuwa kivuko, na kivuko hupimwa kwa wanaofika ng'ambo.

Tuipime Uingereza kwa kipimo hicho. Sheria ya mwaka 1977 iliziwajibisha halmashauri kuwapatia makazi wenye watoto, wajawazito na wanyonge waliokosa nyumba pasipo kupenda. Hilo ni jema. Lakini sheria ya mwaka 1980 iliwaruhusu wapangaji kununua nyumba za halmashauri kwa bei nafuu, na nyingi zilizouzwa hazikujengwa badala yake. Wajibu ukabaki, nyumba zikatoweka. Halmashauri zikakimbilia kukodi vyumba vya hoteli. Tangu mwaka 2004 familia yenye watoto haitakiwi kukaa humo zaidi ya wiki 6, ila maelfu wamepitishwa muda huo. Machi 2020, maradhi ya korona yalipoenea, wengi waliolala barabarani waliingizwa hotelini kwa haraka. Ikadhihirika kwamba penye nia pana njia. Hata hivyo, mwaka 2023 kaya zilizo katika makazi ya muda huko England zilizidi 100,000. Fedha inayonunua usiku mmoja huisha alfajiri. Haiachi tofali hata moja.

Finland ilishika njia nyingine. Kuanzia mwaka 2008 mabweni mengi yaligeuzwa kuwa nyumba ndogondogo. Mtu hupewa kwanza ufunguo na mkataba wa upangaji, hulipa kodi akisaidiwa na serikali, kisha ndipo hushughulikiwa ulevi, maradhi au deni lake. Mwaka 1987 wasio na makazi walizidi 18,000. Mwaka 2022 walikuwa chini ya 4,000. Nao si ushindi wa milele: mwaka 2024, baada ya msaada wa kodi kupunguzwa, idadi ilipanda tena.

Ndugu zetu, nasi Afrika Mashariki huwahifadhi waliofurikiwa katika madarasa. Shule zikifunguliwa, waende wapi? Basi tunapochanga mablanketi, na tuchange kwa wingi, tuwaulize pia viongozi wetu maswali mawili: wangapi wamelala ndani usiku huu, na wangapi wametoka humo kwenda katika nyumba yenye mlango wao wenyewe? Anayejibu la kwanza tu amefanya nusu ya kazi.

Wabillahi tawfiiq.