RADHI HAIPOZI MAZIWA



Mwenye kuuza chakula akikosea hupaswa kuomba radhi, na hiyo ni haki ya mlaji. Lakini radhi husemwa kwa kinywa, na ubora hupatikana kwa kazi. Kisa cha kampuni ya Snow Brand ya Japani chathibitisha hivyo.

Kampuni hiyo ilianza mwaka 1925 kama chama cha ushirika cha wafugaji wa kisiwa cha Hokkaido. Mwaka 1955 maziwa yake ya unga yaliwadhuru watoto wa shule zaidi ya 1,900 mjini Tokyo. Umeme ulikuwa umekatika kiwandani, maziwa yakakaa bila kupozwa, vijidudu vikazaana. Mkuu wa kampuni aliomba radhi, akawaandikia wafanyakazi wote waraka wa kuhimiza ubora.

Mwezi Machi 2000 umeme ulikatika tena, kwa muda wa saa tatu hivi, katika kiwanda chake cha Taiki. Maziwa yaliyokaa na joto hayakumwagwa. Yalifanywa unga, na unga huo ukatumiwa katika kiwanda cha Osaka. Moto wa mitambo uliua vijidudu, lakini sumu waliyokwisha kuitoa haiondoki kwa kuchemshwa. Watu zaidi ya 13,000 waliugua. Radhi ikaombwa mara ya pili, na mkuu wa wakati huo akajiuzulu.

Kati ya makosa hayo mawili ilipita miaka 45. Waraka ulikuwapo, aliyekosekana ni mtu wa kusema mbele ya mtambo, "Mwageni."

Je, katika chama cha msingi mtu huyo ni nani? Karani wa mapokezi huweza kuona kuwa maziwa yameanza kuchacha, akanyamaza. Kwani akiyakataa atalaumiwa na mwanachama, na akiyamwaga ataulizwa hasara. Yafaa basi Mkutano Mkuu uamue mapema mambo matatu. Kwanza, karani apewe mamlaka ya kukataa maziwa ya mtu yeyote, hata ya Mwenyekiti. Pili, saa ya kupokea, joto la maziwa na kila kukatika kwa umeme viandikwe daftarini. Tatu, maziwa yakiharibika mikononi mwa chama, hasara ibebwe na chama kizima, wala si karani peke yake.

Chama kitakachofanya hivyo kitakuwa na machache ya kuombea radhi.