USALAMA UINGIE KATIKA BEI
Maneno ya halmashauri mbele ya mkutano wa mafundi wa rangi na wa kutengeneza nyumba kuukuu



Twawashukuru kwa kuja siku ya Jumapili, siku ambayo fundi angependa kupumzika. Hatukuwaita kwa habari ya mshahara. Hiyo tutaisema siku yake. Leo twasema habari ya mwili wa mfanya kazi, maana mshahara haumfai sana mtu aliyevunjika mgongo.

Wengi wenu mwamjua mwenzetu aliyeanguka alipokuwa akipaka rangi ukuta wa nje wa nyumba ya orofa. Alisimama juu ya ubao uliowekwa kati ya ngazi mbili, na ngazi moja ilikuwa fupi, ikainuliwa kwa matofali. Tofali likapasuka. Leo anatembea kwa mkongojo, na burashi zake amempa mdogo wake. Tulipokwenda kumwangalia tulitaka kujua tajiri wake ni nani, tumwandikie barua kali. Tulipoambiwa, tukaona haya. Hakuwa kampuni kubwa. Alikuwa mwanachama wa chama hiki hiki, fundi kama sisi, aliyepata kandarasi ndogo akawaita wenzake watatu wamsaidie.

Tulimwuliza kwa nini hakuweka jukwaa. Akajibu bila kuficha: "Nilikata bei mpaka chini ili kazi isiende kwa mwingine. Fedha ya jukwaa haikubaki."

Ndugu zetu, hapo ndipo penye ugonjwa. Hatari haianzi siku ya kupanda ngazi. Huanzia pale mlangoni, mwenye nyumba anaposema "punguza," nasi twapunguza. Hatupunguzi rangi, maana ataiona ukutani. Twapunguza kamba, mbao na barakoa, vitu ambavyo yeye havimhusu. Basi tunauza miguu ya wenzetu pamoja na rangi.

Na mtu asiseme, "Mimi si tajiri, mimi ni fundi tu." Ukimwita mtu, ukampa kazi na kumlipa, wewe ni mwajiri wake, hata kama nawe jana uliajiriwa. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 yagusa kila mahali pa kazi, pa muda na pa siku zote. Yamtaka mwajiri atengeneze mahali pa kazi pasiwe na hatari, na awape watu vifaa vya kujikinga vinavyofaa. Tangu 1984 ziko pia kanuni za kazi za ujenzi, zinazosema habari za majukwaa na ngazi.

Sasa, fedha ya usalama ni fedha ya kitu gani? Tutaje mambo matatu.

La kwanza ni kupanda. Ngazi isimame juu ya ardhi ngumu, si juu ya matofali wala mapipa. Ikipanda futi 12, mguu wake uwe futi 3 kutoka ukutani, yaani moja kwa nne. Ifungwe juu, na kama unashukia darini au juu ya paa, ncha yake ipite hapo kwa futi 3. Kazi ya siku nzima si kazi ya ngazi. Yataka jukwaa lenye mbao pana na mti wa kuzuia mtu asianguke. Tena tazama waya wa stima kabla ya kusimamisha ngazi ya chuma.

La pili ni vumbi, na hapa twataka msikilize sana, kwa kuwa hatari hii haina kelele. Rangi nyingi za zamani zilitiwa madini ya risasi, yale yale yaliyo katika betri za gari. Mwaka 1921 mkutano wa kazi wa mataifa huko Geneva ulipatana kuzuia rangi nyeupe ya risasi isitumiwe ndani ya nyumba. Viwango vya Kenya vya leo havitaki risasi ipite sehemu 90 katika milioni. Lakini rangi iliyokwisha pakwa haikusoma viwango hivyo. Ingali ukutani, chini ya rangi nyingine. Ukiikwangua kavu kwa msasa, unaivuta puani. Ukiichoma kwa moto, unavuta moshi wake. Risasi huumiza tumbo, damu na akili, na watoto huumia zaidi kuliko watu wazima. Kwa hiyo lowesha ukuta kwanza, kisha ukwangue. Vaa barakoa ya kuzuia vumbi jembamba, leso haizuii. Nawa kabla ya kula. Nguo za kazi uziache kazini, wala usimpakate mtoto kabla ya kuoga. Vumbi lisifagiwe kavu, bali lipanguswe kwa kitambaa cha maji.

La tatu ni thina. Mvuke wake ni mzito, hukaa chini chumbani, na cheche moja yatosha kuuwasha. Fungua madirisha, usivute sigara, na mtu akianza kuona kizunguzungu atoke nje mara moja.

Je, mfanya kazi akiona hatari afanye nini? Amwambie msimamizi. Sheria hiyo hiyo ya 2007 yasema mwajiri asimlazimishe kurudi penye hatari kubwa kabla haijaondolewa, wala asimfukuze kwa sababu ya kulalamika. Na mtu akiumia, mwajiri apewe habari upesi, naye aipeleke kwa Mkurugenzi wa usalama kazini katika siku 7. Madai ya fidia yasipitishe miezi 12. Aliyenyamaza kwa kumwonea rafiki haya amejidhulumu yeye na watoto wake.

Halmashauri yaweka mbele yenu mambo mawili, myapigie kura leo. Kwanza, kila mwanachama anayeandika bei aandike fedha ya usalama katika mstari wake peke yake, na mstari huo usikatwe. Mwenye nyumba akiukataa, mwanachama mwingine asiende nyuma kuichukua kazi hiyo kwa bei ya chini. Pili, tawi linunue jukwaa la chuma na ngazi ndefu kwa michango yetu, tukodishane kwa ada ndogo, ili asiwepo wa kusema hakuwa na uwezo.

Twajua jambo la kwanza ni gumu. Njaa hupiga hodi kila jioni, na kazi ikikataliwa na mmoja yatafutwa na kumi. Lakini ndiyo sababu tuna chama. Mtu mmoja akikataa, amepoteza kibarua; tukikataa sote, bei imebadilika. Sisi hutengeneza kuta za watu, nasi twajua kuliko wengine kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta.

Umoja ni nguvu.