Mbegu ya ngazi si ya kuokota tu

Bandugu wanachama, na ninyi marafiki mnaotusaidia,

Tangu turudi Yanonge, kila mtu anataka kupanda ngazi. Vizuri! Lakini tusiokote mbegu ovyo. Hapa jirani, Yangambi, watafiti Beirnaert na Vanderweyen walieleza mwaka 1941 kwamba tenera, ngazi yenye mafuta mengi, ni mtoto wa dura na pisifera. Tenera ikizaa na tenera, kwa kawaida kati ya miti minne, mmoja ni pisifera, na huo mara nyingi hauzai. Unapalilia miaka bure.

Kwa hiyo tunaomba mchango wenu ununue miche iliyochaguliwa, na ulipie vijana wakajifunze Yangambi, halafu warudi kutufundisha sisi wote.