Furushi Lililokwama Njiani: Usafirishaji wa Taka katika Seli za Neva

Hoja ya mada hii ni kwamba kwa seli ya neva, kuzoa taka na kuzisafirisha ni kazi moja isiyogawika, na kwamba katika kuyachunguza maradhi ya ubongo wa uzeeni tumelikodolea macho jalala tukaisahau njia. Protini za seli ya ini zikichakaa, lisosomu, yaani vifuko vya tindikali vinavyomeng'enya uchafu, ziko jirani. Seli ya neva haina bahati hiyo. Ile inayoanzia uti wa mgongo na kuishia kwenye misuli ya wayo ina mkia, au aksoni, unaokaribia mita 1, ilhali lisosomu zake zenye nguvu zaidi zimesongamana kiwiliwilini, huko mwanzo wa mkia. Isitoshe, seli hii haigawanyiki. Nyingine hupunguza uchafu kwa kuwagawia watoto wao wawili. Hii itakaa na wake miaka 70 au 80.

Kwa hiyo taka hufunga safari. Protini mbovu na mitokondria chakavu huzingirwa kwa utando wa tabaka mbili, likapatikana furushi liitwalo otofagosomu. Mafurushi mengi hufungwa kwenye ncha ya mkia, kisha protini iitwayo dainini, hamali wa kweli, huyakokota juu ya reli za mikrotubuli kurudi kiwiliwilini. (Kinesini, iliyotambuliwa mwaka 1985 katika neva nene za ngisi, hubeba mizigo ya kwenda.) Tukikadiria mwendo wa mikromita 1 kwa sekunde, mita 1 humalizwa kwa siku 11 na ushei, bila kupumzika. Njiani furushi huungana na lisosomu, tindikali hupanda, na kufika kwake mzigo umeshaanza kuvunjwavunjwa kuwa asidi za amino za kujengea protini mpya.

Mwaka 2006 watafiti wa Japani walionyesha uzito wa jambo hili. Walizima jeni Atg5 au Atg7, zinazohitajika katika kufunga furushi, ndani ya seli za mfumo wa neva wa panya tu. Panya hao hawakupewa protini yoyote ya ugonjwa, lakini miili yao ilipoteza ulinganifu wa mwendo, na seli zao za neva zikajaa mabonge ya protini na kufa. Taka za kila siku zilitosha kuua. Kuhusu njia yenyewe, kasoro katika jeni DCTN1, inayotengeneza msaidizi wa dainini, zimehusishwa na ugonjwa wa kurithi wa neva za misuli tangu 2003, na mwaka 2009 na ugonjwa wa Perry, wenye dalili za Parkinson.

Mpinzani makini atasema dainini hubeba pia ishara za uhai kutoka ncha ya mkia, hivyo huenda seli hufa kwa kukosa habari wala si kwa kulemewa na uchafu. Pingamizi hilo lina nguvu, na kwa DCTN1 silikanushi. Ila halielezi kinachoonekana kwa darubini ya elektroni katika ubongo wenye Alzheimer: mikia iliyovimba, imejaa mafurushi yaliyomeng'enywa nusunusu. Mwingine atadai msongamano huo ni matokeo ya jalala kuharibika. Hapo nakubali, tena kwa furaha, kwani seli za neva zilizooteshwa maabara zilipozuiwa vimeng'enya vya lisosomu, mafurushi ya taka yalipunguza mwendo na mikia ikavimba, huku mitokondria zikiendelea kupita. Uchakataji ukilegea, usafiri wa taka nao husimama.

Hilo linabadili namna ya kuzipima dawa kama rapamaisini, ambayo huchochea ufungaji wa mafurushi. Palipo na njia wazi, huenda ikasaidia. Palipoziba, kila furushi jipya linajipanga nyuma ya mengine, na kipimo kinachohesabu mafurushi peke yake kitaandika foleni hiyo kuwa mafanikio.